Kopo Lililokataa Moto wa Juu

Makuti ya jiko langu yalishika moto siku ya Jumatatu, mchana kweupe, na mwenye makosa nilikuwa mimi. Sitaki kuusingizia upepo. Kaa moja la kifuu liliruka kutoka juu ya kopo, likatua kwenye ncha ya kuti lililoning'inia, na kabla sijanyanyuka kwenye kibao cha mbuzi moto ulikuwa umeshapanda. Nikanyakua ndoo ya maji niliyooshea samaki, nikaumwagia yote. Ukazima. Nikabaki na jiko linanuka moshi na shombo, mkono wa kushoto umetoka lengelenge, na kopo langu limekaa palepale kwenye mafiga, gurudumu lake limesimama kimya kama limenuna.

Kilichoniuma ni hilo kopo. Makuti yanasukwa mengine.

Wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, nyumba yake inatazamana na yangu. Alikuja mbio kanga imemdondoka begani.

"Wifi! Unachoma nyumba ya kaka yangu?"

"Nachoma jiko langu. Nyumba ya kaka yako iko salama."

"Na ndani ya hicho kikopo umeweka nini?"

"Hewa."

"Unapika hewa?"

"Ndiyo, napika hewa. Unataka nikuwekee sahani?"

Akashika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama kama anayetazama maiti inakaa kitako. Alipoondoka nilijua anakwenda wapi. Anakwenda kutafuta simu. Hapa Kiswere habari ya mtu kuumwa inaweza kuchelewa, lakini habari ya mtu kuwa mwendawazimu inafika Lindi kabla ya alasiri.

Nieleze ilivyoanza, maana hata mimi nikijisikiliza naona ni habari ya ajabu.

Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo cha ufundi mjini. Msichana wa kwanza katika ukoo wetu kushika bisibisi kwa ruhusa ya mwalimu, nami nalisema hilo msibani na harusini, wapende wasipende. Alikuja likizo, tukalala chumba kimoja, tukataniana kama kawaida yetu. Mimi humwita mke mwenzangu, yeye huniita bibi kizee uliyeninyang'anya bwana. Asubuhi moja tunachambua mchele akanionyesha simu yake. Humo mlikuwa na kopo juu ya moto mdogo, na kwenye kopo gurudumu linazunguka. Hakuna petroli. Hakuna umeme. Hakuna kelele.

"Ndani mna nini?" nikamuuliza.

"Hewa tu, bibi. Hewa ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Ikitanuka inasukuma, ikisinyaa inavuta. Ndiyo injini yenyewe."

Mimi mashine nazijua za boti hapa bandarini. Zinapiga kelele, zinakunywa mafuta, zinakohoa, na siku ukizihitaji zinakufa. Hii ya kwenye simu ilikuwa inazunguka taratibu kama mwanamke anayesuka mkeka huku anawaza mambo yake. Nikamwambia airudishe. Akairudisha. Nikamwambia airudishe tena. Tukairudisha mpaka simu ikaisha chaji na mchele ukaliwa na kuku.

Alipoondoka kwenda chuo nikaanza kukusanya makopo.

Shule yangu iliishia darasa la pili, nyumbani kwetu Kitomanga. Kusoma nasoma, kuandika naandika herufi kubwa kubwa kama hizi. Lakini mikono yangu imesoma zaidi yangu. Nimesuka mikeka ya ukindu tangu sijavunja ungo, najua kukadiria kwa jicho, najua kitu kikipinda unywele mmoja huku mwanzo, mwisho wake kitakuwa kimepinda dhiraa. Kwa hiyo kutengeneza hakukunishinda.

Nilichukua kopo la maziwa ya unga, lile lenye mfuniko wa bati unaobana. Ndani nikatia bonge la stilwaya ya kusugulia masufuria, nililolikaza duara kama kitumbua kikubwa, lakini lisiguse kuta, liweze kupanda na kushuka. Bonge nikalifunga kwenye waya mwembamba unaotokea katikati ya mfuniko kwenye tundu dogo mno. Kazi ya bonge ni kuifukuza hewa: likishuka, hewa inakimbilia juu, likipanda, hewa inakimbilia chini. Ubavuni mwa kopo, karibu na mfuniko, nikatoboa na kuchomeka kipande cha bomba la pampu ya baiskeli, na mdomoni mwa lile bomba nikafunga mpira unaovimba na kusinyaa. Juu ya yote nikalaza spoki ya baiskeli niliyoipinda vigoti viwili. Kigoti kimoja kinapandisha na kushusha bonge, cha pili kinasukumwa na ule mpira. Mwisho wa spoki nikavisha sidii ya kaswida iliyokwaruzika, ndiyo gurudumu.

Mpira ndio ulionisumbua. Nilianza na puto za watoto nikazifunga juu ya mfuniko, zikapasuka tatu kwa kuungua. Ndipo nikauhamishia ubavuni. Puto zilipokwisha dukani nikaenda zahanati kuomba glovu.

"Bibi, glovu ya nini? Kuna anayejifungua?" muuguzi akaniuliza.

"Hakuna. Ya mashine."

"Mashine gani?"

"Bado haijazaliwa."

Akacheka, akanipa iliyokuwa imechanika kidole gumba. Nikatumia kiganja.

Halafu kuziba. Hewa ikivuja huna kitu, hilo nililiona mwenyewe. Nikakanda unga wa ngano mgumu, nikazungushia mfuniko, kama tunavyoziba sufuria la biriani mvuke usitoke. Siku ya kwanza niliacha kopo uani nikaenda kuswali. Niliporudi, kuku wangu mtetea alikuwa amelizunguka kopo lote akidonoa, amesafisha kabisa, amebakiza bati. Nikakanda tena. Kuku nikamfunga mguu.

Sasa lilikuja suala la moto, na hapa ndipo nilipojikwaa, tena kwa jambo ninalolijua kuliko yote.

Mimi ni mpishi. Kukiwa na shughuli Kiswere, sufuria la wali linasimamiwa na mimi. Na wali wa nazi huku kwetu hauivi kwa moto wa chini peke yake. Ukishakauka maji unaupalia: unapunguza moto wa chini, unafunika, unapanga makaa ya moto juu ya mfuniko, wali unaiva huku na huku. Asiyejua kupalia tunamwambia aende akasome upya kwa mama yake. Basi mimi, nilipoona gurudumu halizunguki, nikafanya ninachojua. Nikalipalia kopo. Makaa ya vifuu chini, makaa ya vifuu juu. Unga ukaiva ukawa mkate mgumu, nikafurahi kwamba umeziba vizuri. Nikasukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka mara moja, likasimama. Nikaongeza makaa. Nikasukuma. Likasimama. Nikasema moto haujatosha.

Na kwenye simu ya mjukuu wangu, juu ya lile kopo, palikuwa na maji kwenye kibakuli. Niliyaona. Nikadhani mwenyewe anachemshia chai.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tatu, mpaka ile Jumatatu kaa liliporuka.

Jumanne asubuhi mwanangu wa kwanza alifika kutoka Lindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na gari au umekuja na maneno ya shangazi yako?"

"Vyote viwili."

Akaingia jikoni, akatazama makuti yaliyoungua. Akatazama mkono wangu. Akaliinua kopo, akalitikisa, akalirudisha chini kama mtu aliyeshika kitu cha aibu. Wifi yangu alikuwa amekwishafika, amekaa kwenye kizingiti, mikono mapajani, anasubiri.

"Mama, nyumbani kwangu kuna chumba," mwanangu akasema. "Kuna umeme, kuna friji, kuna mtu wa kukupikia."

"Mtu wa kunipikia? Nimekufa?"

"Hujafa. Lakini uko peke yako hapa, unachoma makopo."

"Nimeyachoma ya nani?"

Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono ule mzima, akashusha sauti, sauti ile tunayosemea na mgonjwa.

"Mama, hebu niambie. Leo siku gani?"

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anauliza kweli. Kisha nikaona macho ya wifi yangu yako mdomoni mwangu yanasubiri nitataja nini, ndipo nikaelewa. Mwanangu niliyembeba mgongoni toka Kitomanga mpaka hapa ananipima kama akili yangu bado iko nyumbani. Kuitwa mkaidi nimezoea. Hili la kupimwa sikuwa nimelizoea.

"Leo Jumanne," nikamwambia. "Jana ilikuwa Jumatatu, nilipounguza jiko. Unataka nikutajie na siku uliyokojoa kwenye mkeka wa wageni?"

Wifi yangu alicheka mpaka akajishika ubavu. Mwanangu hakucheka.

"Mama, nimeshaamua. Utahamia Lindi."

Nyumba hii tulijenga mimi na baba yake, udongo wake nimeukanyaga kwa miguu yangu. Kaburi lake liko hatua chache nyuma ya minazi. Nina mikorosho yangu, nina kisima, nina watu wa kugombana nao. Lindi ningekaa kwenye kochi nikitazama friji. Na kila mgeni angeambiwa kwa sauti ya chini, ndiye mama huyo, tumemleta, kichwa kimeanza kuchoka.

"Baba," nikasema, "njoo Ijumaa baada ya swala. Umlete na shangazi yako akae mbele. Kopo lisipozunguka, nitapanda gari bila kushikwa mkono."

"Mama, haya si mambo ya kopo."

"Ni mambo ya kopo. Mnasema sijui ninachofanya. Ijumaa mtajua kama najua."

"Na likizunguka?"

"Likizunguka nakaa kwangu. Na mtu asiniulize tena leo siku gani."

Akasema, "Ijumaa." Akaondoka bila kula, na kwangu mimi, mwanangu kuondoka bila kula ni jambo ambalo halijapata kutokea.

Jumanne hiyohiyo nililitoa kopo jikoni, nikalipeleka uani mbali na makuti. Kuungua mara moja kunatosha. Jumatano nililifumua lote. Nilinyoosha waya, nikakaza bonge, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kigoti, nikakanda unga mpya. Nikawasha. Makaa chini, makaa juu, mengi kuliko siku zote. Halikuzunguka. Wifi yangu alikuwa anafagia upande wake, kila akifika mwisho wa uwanja anasimama.

"Wifi, limeiva?"

"Bado."

"Usisahau chumvi."

Usiku huo nilipanga mfuko wangu, maana nikisema neno huwa nalisimamia.

Alhamisi niliwasha tangu jua halijapanda vizuri. Mpaka saa nne nilikuwa nimesukuma lile gurudumu mpaka kucha inauma. Jasho linaingia machoni, lengelenge limepasuka. Ndipo hasira ikanipanda. Nikachukua koleo, nikayakwangua makaa yote ya juu, nikayatupa mchangani. Nilitaka kulishika lile kopo nilitupe nalo, lakini mfuniko ulikuwa wa moto mno. Nikachota kata ya maji kwenye mtungi wangu, maji ya baridi ya kutia ganzi meno, nikaumwagia mfuniko upoe nipate kulishika.

Tsss!

Ule mpira wa glovu ulifyonzwa ndani kama shavu la mtu anayenyonya embe. Ukavuta kigoti. Gurudumu likaruka, likazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, bila kidole cha mtu. Kisha likasimama.

Mimi nikakaa chini mchangani.

Nilikaa pale nikayasikia maneno ya mjukuu wangu upya. Ikipata moto inatanuka, *ikipoa* inasinyaa. Alikuwa amesema yote mawili. Mimi mpishi, sikio langu lilibaki kwenye moto. Niliipalia hewa kama wali, nikaitanua huku na huku, nayo haina pa kupoa, haina pa kusinyaa, inafanya nini zaidi ya kukaa imevimba? Wali unataka moto huku na huku. Kopo linataka ugomvi: moto chini, baridi juu, na hewa ipelekwe na kurudishwa katikati. Nilijitukana kwa sauti. Nilijitukana vizuri, matusi ya Kitomanga, mpaka wifi yangu akaacha kufagia.

"Wifi, unagombana na nani?"

"Na mpishi."

Kazi haikuwa imekwisha. Maji yalilainisha unga, hewa ikaanza kuvuja. Nikaenda kwa fundi baiskeli kuomba solusheni ya kuzibia pancha. Akaniuliza nina baiskeli. Nikamwambia nina gurudumu moja. Juu sasa pangekaa baridi, solusheni isingeungua. Nikaziba mfuniko, nikaziba bomba, nikakata ukingo wa kopo jingine nikaugandisha juu ya mfuniko uwe kibakuli cha kushika maji, katikati nikasimamisha kipande cha bomba waya upite humo, maji yasiingie tunduni. Nikaacha likauke mpaka kesho yake. Sikulijaribu. Solusheni mbichi ukiiharakisha inakutia aibu, na mimi aibu yangu nilikuwa nimeshaipangia siku.

Ijumaa walikuja. Mwanangu na kanzu yake ya swala, wifi yangu na mkeka wake mwenyewe, amekuja kukaa kabisa. Mfuko wangu nilikuwa nimeuweka mlangoni ili kila mtu auone.

Nikaweka makaa machache ya vifuu chini ya kopo. Machache. Wifi yangu akanyoosha shingo.

"Leo hulipalii?"

"Leo silipalii."

"Limekosa adabu?"

"Aliyekosa ni mimi. Nyamaza utazame."

Nikasubiri chini pashike moto. Nikachota maji mtungini kwa kata, nikajaza kibakuli cha juu. Nikasukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka mara mbili, likasita. Nilimwona mwanangu anatazama mfuko mlangoni. Nikatia tone la mafuta kwenye kigoti cha bonge, kilikuwa kinakwaruza, nikasukuma tena.

Likaenda.

Likaenda taratibu, kisha likaongeza, ile sidii ikawa inang'aa na jua, inatupa vipande vya rangi kwenye ukuta na kwenye kanzu ya mwanangu. Ukisogeza sikio unasikia bonge ndani, fu, fu, fu, kama mtoto anayelala. Hata yule mtetea alisimama.

Wifi yangu ndiye aliyeanza kuuliza. "Sasa... linafanya kazi gani?"

"Linazunguka."

"Najua linazunguka. Linafaa nini?"

"Wewe unafaa nini, na tunakulisha?"

Akanipiga na ncha ya kanga, lakini macho yake hayakutoka kwenye gurudumu.

Baada ya muda likaanza kulegea. Maji ya juu yalikuwa yamepata moto. Nilijua la kufanya, lakini magoti yangu yalikuwa yamekufa ganzi kwa kuchuchumaa, nikawa najikusanya kuinuka. Mwanangu akaniwahi. Akakunja kanzu, akachukua kata, akaenda kwenye mtungi. Akasimama juu ya kopo na maji mkononi.

"Wapi, mama? Juu au chini?"

"Juu, baba. Chini moto, juu baridi. Yale ya moto yafute kwanza kwa kitambaa."

Akayafuta. Akamimina polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, vilevile alivyokuwa akiandika akiwa darasa la kwanza. Gurudumu likashtuka, likaenda mbio. Akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona anataka kucheka, anajizuia, kisha akashindwa.

"Hewa tu, mama?"

"Hewa tu."

Akamimina mara mbili zaidi bila kuambiwa. Mara ya tatu nikamkataza, atanimalizia maji ya kunywa.

Jua lilipopinda alisimama akaenda mlangoni, akaushika mfuko wangu. Sikujua anaupeleka wapi. Aliuinua, ukalia kwalakwala kwalakwala. Akaufungua. Humo mlikuwa na makopo saba, spoki, stilwaya na sidii nne.

"Mama, nguo zako ziko wapi?"

"Zingefuata."

Akaufunga. Akaubeba mpaka ndani, akauweka chini ya kitanda changu, akatoka akipangusa mikono. Akala wali na samaki sahani mbili. Aliniahidi bati moja la kufunika jiko, nikamwambia alete, lakini jiko la makopo litabaki uani.

Alipokuwa ameshaingia garini nilimfuata nikainama dirishani.

"Baba," nikamuuliza, "leo siku gani?"

Akafunika uso kwa kiganja. "Mama, nisamehe."

"Sikuulizi msamaha. Nakuuliza siku."

"Ijumaa."

"Vizuri. Endesha polepole."